Kitenge Ulichozibia Dirisha

Mpendwa mama,

Kamwene, mama. Nakuandikia nikiwa chumbani kwako hapa Mlandege, Iringa, nimekaa kwenye kitanda chako maana kiti chako dada Zawadi alishakibeba kwenda nacho kwake Mbeya. Natumia penseli ya kazi, ile ya bapa, kwa sababu mstari wa kalamu ya wino siku hizi ni mwembamba mno kwangu. Herufi nimezifanya kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Ungeziona ungecheka kwanza, halafu ungeniuliza, "Fundi, hiyo ni barua au ni tangazo la mnada?"

Nimekuja kubadilisha dirisha. Mpangaji anaingia mwezi ujao, na amesema chumba ni kizuri ila kina giza kama ghala la viazi. Zawadi akanipigia simu: wewe ndiye seremala wa familia, nenda kalishughulikie. Nimekuja na fremu mpya juu ya lori la mbao kutoka Mafinga. Ipo nje, imeegemea ukuta. Tangu asubuhi sijaigusa.

Nikwambie jambo lenyewe kabla sijazunguka. Nina sukari, mama. Ninayo kama uliyokuwa nayo wewe, na imeshafika machoni. Jumatatu natakiwa kliniki ya macho Mbeya, wanichome jicho la kulia kwa mwanga. Nisipochomwa, dokta anasema jicho hilo litazima na la kushoto litalifuata. Nikichomwa, huenda nikabaki na kiasi hiki nilichonacho. Hakuna aliyeniahidi zaidi ya hapo.

Kila mtu ananiuliza, utaenda? Najibu nitaenda. Najibu kama mtu anayeitikia salamu barabarani huku anaendelea na safari yake. Mke wangu anasema nimekuwa gogo. Ana haki. Tangu tulipokuzika sijalia, na tangu nilipoambiwa habari ya jicho sijaogopa wala sijakasirika. Nyayo zangu zina ganzi, na hiyo dokta kanieleza kwamba ni sukari hiyohiyo. Ile ganzi nyingine hakunieleza, na mimi sikumuuliza.

Unakumbuka kibaraza kile cha nyuma? Mchana ulikuwa unakaa pale na majani yako ya milulu yamelowekwa kwenye beseni, unasuka kikapu huku unaongea na watu wanaopita njiani hata kama hawajakusalimia. Mimi nilikuwa narudi shule nakaa karibu na miguu yako. Ulikuwa unanipa kikapu nikishike, unaniuliza, "Kiko sawa?" Nikisema kiko sawa, unanipiga kofi dogo la kisogo. "Umeangalia au umejibu tu?" Nakigeuza, naangalia tena, naona pale ambapo ukingo umetoka nje kidogo, kidogo sana. Unafumua. Baba alinifundisha msumeno na randa, lakini jicho ulinipa wewe. Watu wa Mafinga wanaponisifu kwamba fundi huyu anaona ubao uliopinda kabla haujashushwa kwenye lori, hawajui kwamba nilijifunzia kwenye vikapu.

Na msimu wa ulanzi ukifika, mianzi inagemwa kila kona, jamani, wewe na ulanzi! Mlevi hukuwa, hilo nakutetea mbele ya yeyote. Ulikuwa unapenda ule wa siku moja, mtogwa, ambao haujachacha, hata watoto wanakunywa. Zahanati walishakwambia una sukari na ukaacha kweli kuweka sukari kwenye chai. Ulitutangazia nyumba nzima. Halafu unachukua kopo la mtogwa unalimaliza bila kupumua. Nikikuuliza, unanijibu kwa hasira kabisa, "Nani ametia sukari humu? Haya ni maji ya mianzi!" Na mimi nacheka, kwa sababu ulivyolisema ilionekana mianzi ndiyo yenye kesi ya kujibu.

Sasa nataka tuongee habari ya siku ile ya macho. Sikuwepo, nilikuwa Mafinga, lakini ulinisimulia mara nyingi mpaka naiona. Walikuja madaktari wa macho pale uwanja wa kanisa, wakaweka meza na mahema. Ukaenda peke yako ukiwa umevaa vizuri kama mtu anayekwenda kwenye kipaimara. Wakakutia matone. Wakakwambia usubiri kwenye benchi. Wakakumulika kila jicho kwa taa kali mpaka ukaona vitu vya rangi ya zambarau vinaelea. Mhudumu akasema maneno mengi, na ng'ambo ya pili kwaya ilikuwa mazoezini, sauti ya nne wanakosea palepale wanarudia. Katika maneno yote ulishika moja tu, kwamba urudi kwao wakuangalie zaidi.

Halafu ukatoka nje, na jua la Iringa la saa saba likakupiga.

Uliniambia, "Mwanangu, ilikuwa kama wamenimwagia chokaa." Huoni njia, huoni watu, unajua tu kwamba kila kitu ni cheupe na kinauma. Ulifika nyumbani umeshika ukuta kwa ukuta. Ukaingia humu chumbani, ukafunga mlango, ukachukua kitenge chako cha kahawia, kile chenye ndege wa njano, ukakitundika dirishani, na juu yake ukaweka blanketi. Ukalala. Jioni ukaamka, ukakuta unaona tena. Unaona mkono wako, unaona kikombe, unaona hata uzi wa blanketi.

Basi ukapiga hesabu yako, na mimi leo siwezi kukucheka kwa hesabu ile. Mwanga umeniumiza, giza limeniponya. Ukamwambia Zawadi kwenye simu, "Wale watu wameniunguza macho kwa taa yao, na kwao sirudi." Hukurudi kweli.

Kuanzia hapo kitenge hakikutoka dirishani. Nikija kukuona nakukuta umekaa kitandani, mchana kweupe, kwenye giza kama panya. Nakwambia, mama, twende kibarazani. Unaniuliza, "Macho haya ni ya nani?" Nasema ni yako. "Basi niachie niyatunze." Ukitoka unajifunga khanga mpaka puani. Ukaacha kwenda sokoni. Ukaacha kwenda kanisani, wewe uliyekuwa unawahi kabla ya mtunza ufunguo! Unalala mchana, unaamka watu wamelala, unakula ugali wa jana saa ambazo hazina jina, na vidonge vyako ukisahau kama umekunywa unakunywa tena, au unaviacha kabisa. Kopo la mtogwa lilikuwa hapa chini ya kitanda, na hilo gizani ulilipata bila shida yoyote. Na macho yakawa yanapungua. Kila yalipopungua, ulitafuta ni wapi mwanga unapenya ukapaziba. Chini ya mlango uliweka gunia.

Mwisho ukawa huoni kabisa, na giza la chumba likawa halina kazi tena, maana hakukuwa na kitu kilichobaki cha kulinda. Siku ile ulisema neno ambalo nimelikumbuka leo nilipofungua mlango huu. Ulisema, "Sasa hata mkifungua dirisha ni sawa tu." Hakuna aliyelifungua. Ulikuwa umeshazoea kuwa hivi, na sisi pia.

Nirudi kwangu. Mwaka huu, msimu wa mvua ulipokwisha, nilianza kugombana na wauza mbao. Nachukua ubao wa paina, naunyanyua usawa wa jicho kama baba alivyonionyesha, naona umepinda katikati. Narudisha. Nachukua mwingine, umepinda palepale. Nikasema viwanda vya Mufindi siku hizi vinaharakisha kukausha, wanatuuzia ndizi. Wakaniletea mbao nyingine, nikazikataa pia. Jina langu likaanza kuharibika. Mimi mwenyewe nikaona nitanyoosha kwa randa, sina haja ya kubembeleza mtu. Nikanyoosha fremu ya mlango ya mwalimu mmoja wa pale mjini, nikainyoosha vizuri mpaka jicho langu likaridhika. Kesho yake mwalimu akaja. Mtu mpole sana, sijawahi kumsikia akipaza sauti. Akasema, "Fundi, mlango haufungi. Katikati pana nafasi paka anapita."

Nilichukua fremu ile nikaweka rula ya chuma juu ya ukingo wake, nikavinyanyua vyote viwili kuelekea jua. Wewe unaujua mtindo huu, umeniona nikiufanya tangu nikiwa kijana. Ubao ukiwa umenyooka, kati yake na rula hapapiti mwanga. Ukiwa umepinda, mwanga unapenya na kukuonyesha kosa lilipo. Pale mwanga ulipenya, tena mpana. Kosa lilikuwa la fremu niliyoinyoosha mimi. Nikachukua ubao niliokuwa nimeukataa, nikauwekea rula, nikaunyanyua. Giza tupu kati yake na rula. Ubao umenyooka kama ulivyotoka kiwandani. Lakini jicho langu la kulia bado likaniambia umepinda, na rula nayo imepinda, na paa la jirani limepinda.

Nilikaa juu ya rundo la vumbi la mbao. Nilijua palepale kwamba ni jicho. Sikuhitaji dokta.

Nilichofanya sasa usinicheke, au cheka, ni haki yako. Nilijiambia, mama alikaa gizani akapofuka, kwa hiyo giza ndilo lililompofusha. Mimi nitakaa kwenye mwanga. Nikaacha kuvaa kofia. Nikahamisha meza ya kazi kutoka chini ya bati nikaiweka juani. Asubuhi natoka naliangalia jua likichomoza kwenye miti ya paina mpaka machozi yananitoka, nikiamini nakunywa dawa. Na nyumbani nikakataza taa kuzimwa. Taa ya chumbani iwake mpaka kunakucha.

Mke wangu alivumilia kidogo. Unamjua Mama Upendo, uvumilivu wake ni mfupi lakini ni wa kweli. Akaanza kulala amejifunika kichwa. Halafu siku moja akakaa kitandani akaniambia, "Baba Upendo, hapa tunalala au tunalinda benki?" Nikamweleza habari yako na giza. Akanitazama. Akasema, "Sawa. Lakini mama alikuwa na sukari, na wewe hujapima." Akavuta shuka lake akahamia chumbani kwa Upendo.

Kulipokucha nilikwenda kupima. Nesi alikiangalia kile kidude chake cha kupimia, akakiangalia tena, akaniambia nisiondoke.

Ndipo nikapelekwa Mbeya. Nikafikia kwa Zawadi pale Ilomba. Anakusalimu kila siku, yeye anaongea na picha yako ya ukutani wazi kabisa bila aibu, mimi siwezi. Kliniki nikakutana na dokta msichana, Mnyakyusa, mdogo kuliko nilivyotegemea, anaongea taratibu na kila neno analirudia. Akanitia matone. Nikakaa kwenye benchi na wenzangu, wote tumefumba macho kama tunaombea chakula. Akanimulika kwa taa yake. Nikaona vile vitu vya zambarau vikielea, mama. Ni kama ulivyosema.

Nikamuuliza moja kwa moja, kwani nilishachoka kujijibu mwenyewe. Ni mwanga au ni giza? Nikamweleza habari yako, kitenge na gunia la mlangoni. Nikamweleza na taa yangu. Hakucheka, na hilo namshukuru.

Akasema, "Baba, si mwanga na si giza. Ni sukari. Inaharibu vile vimirija vidogo vya damu nyuma ya jicho, vinaanza kuvuja. Kwako vimevuja pale katikati, pamevimba, ndiyo maana mstari ulionyooka unauona umepinda."

Nikasema, lakini mama alipofuka akiwa gizani.

"Angepofuka hata kibarazani kama sukari haikushuka," akasema. Halafu akaongeza jambo ambalo lilinishangaza. Akasema wazo langu la taa halikuwa la kijinga. Eti jicho likiwa gizani, sehemu ile ya nyuma inafanya kazi ngumu zaidi na kutumia hewa nyingi zaidi kuliko mchana, kwa hiyo hata wataalamu waliwahi kufikiri kwamba mgonjwa akilala na mwanga machoni atapona. Wakajaribu. Haikuleta walichokitegemea. "Wewe ukiwasha taa unajinyima usingizi, na usingizi mbovu unapandisha sukari. Zima taa, lala. Mchana toka nje, tembea, vaa kofia, na usilikodolee jua macho, litakuunguza. Mwili unajua saa zake kwa mwanga. Mama yako alipojifungia mchana kutwa, saa zake zote zilichanganyika, chakula na vidonge vikachanganyika navyo. Hapo giza lilichangia. Lakini lililoua macho ni sukari, na kutorudi hospitali."

Na kutorudi. Alilisema polepole na akalirudia.

Akaniandikia siku ya kurudi kwa ajili ya kuchomwa. Nikauliza wanachoma kwa kitu gani, sindano? Akasema kwa mwanga, mwanga mkali mwembamba unaolengwa pale panapovuja ili paache kuvuja. Nikacheka, mama. Kicheko hakikuwa na furaha ndani yake, kilitoka tu. Wewe ulikimbia taa ndogo ya kumulikia, mimi naambiwa wataniingizia kubwa zaidi.

Nilipokuwa nanyanyuka akanishika mkono. "Jua litakusumbua ukitoka, ni hayo matone. Jifunike. Ni mpaka jioni tu."

Nikatoka.

Mama, lile jua. Najua Mbeya, najua mwanga wa nyanda za juu, nimefanya kazi juani maisha yangu yote. Lakini nilisimama mlangoni nimeshika ukuta. Nyeupe kila mahali. Nilisikia pikipiki nisijue iko wapi. Zawadi alinishika mkono, na mimi mtu mzima mwenye mvi nikawa nang'ang'ania gauni la dada yangu. Kichwani kulikuwa na sauti moja tu, wameniunguza, wameniunguza. Nilikuwa nimeshaambiwa! Nimeambiwa kwa upole na kwa kurudiwa, na bado moyo ulikataa kuamini. Tulipofika Ilomba nilimwambia Zawadi afunge mapazia yote. Nikalala kifudifudi.

Jioni nikaamka, nikaona mkono wangu. Nikaona kikombe.

Nilikaa pale nimekitazama kile kikombe. Kumbe ilikuwa hivi. Kumbe hukuwa mbishi, hukuwa mjinga, na wala hukuwa na ukaidi wa kizee kama tulivyokuwa tunanong'onezana mimi na Zawadi jikoni. Uliona kwa macho yako kwamba mwanga umekuumiza na giza limekuponya, na mtu anaamini alichokiona. Ulikosa maneno matatu tu, mpaka jioni tu, na inawezekana kabisa yalisemwa siku ile, yakamezwa na sauti ya nne. Matone yangeisha hata ungekaa kibarazani unasuka. Giza lilipewa sifa isiyokuwa yake.

Nilimweleza Zawadi. Yeye alilia mpaka akakaa chini. Mimi nilimshika bega nikamwambia basi, basi, kama ninavyowaambia wateja.

Kwa hiyo ndiyo hivyo. Yote nayajua sasa, na bado leo asubuhi nilipoamka nilijikuta napanga namna ya kutokwenda Jumatatu. Nilikuwa natafuta sababu kama fundi anayetafuta kipande cha ubao cha kuzibia. Fremu haijawekwa. Mpangaji anasubiri. Mwalimu bado anadai fremu yake mpya. Akili imeelewa, mwili unakumbuka ule weupe wa mlangoni. Ungekuwa hai ningekuuliza, na wewe ungesema usiende, na mimi ningekutii. Afadhali basi nakuandikia badala ya kukuuliza.

Nimesimama sasa hivi, nimerudi tena kuandika. Nimetoa kitenge.

Kilikuwa bado kimetundikwa kwenye misumari yako minne, mibaya, ya mtu asiyejua kupiga msumari, imelala ubavu. Blanketi Zawadi alishalichukua, lakini kitenge hakuna aliyekigusa. Upande wa nje jua limekifubaza, ndege hawaonekani tena, ni kama karatasi iliyolowa ikakauka. Upande wa ndani, uliokuwa unakutazama wewe, bado ni wa kahawia kabisa na ndege ni wa njano kama siku ulipokinunua. Kina harufu ya moshi na ya mafuta yako ya mgando.

Mwanga ukaingia chumbani ukafika mpaka chini ya kitanda. Ndipo nikaona kikapu.

Sikujua kwamba ulikuwa bado unasuka. Hakuna aliyejua. Kiko karibu kwisha, kimebaki ukingo wa juu, na milulu iliyobaki imekauka pembeni. Rangi umezichanganya ovyo, mama, nyekundu imeingia kwenye zambarau halafu katikati kuna mstari wa milulu mitupu ambao wewe usingeukubali kamwe kama ungeuona. Umekisuka ukiwa huoni. Nikakinyanyua usawa wa jicho langu la kulia nikakiangalia, na kilikuwa kimepinda. Kimebonyea upande mmoja kama kimekaliwa. Nikasema kimoyomoyo, pole mama, umejitahidi.

Halafu nikasikia kofi la kisogo. Sisemi ni mzimu, nasema nilikumbuka. Umeangalia au umejibu tu?

Nikafumba macho nikapitisha kidole kwenye ukingo, taratibu, mpaka kidole kikarudi kilipoanzia. Nikapitisha tena. Ni duara, mama. Ni duara safi, hakuna mahali palipotoka nje wala palipoingia ndani. Ulikisuka kwenye giza hili, huoni, mgonjwa, peke yako, na hukukosea. Jicho langu ndilo lililopinda.

Nimekukumbuka. Nimekukumbuka sana, na inauma, na nashangaa kwamba inauma, maana nilidhani mahali pale pameshakufa kama nyayo zangu. Nilitaka uwe hapa nikwambie kwamba kiko sawa na kwamba nimeangalia.

Jua bado liko juu. Nitaweka fremu yako leo kabla halijashuka, na nitaipima kwa rula na mwanga, nisiliulize jicho. Keshokutwa napanda basi kwenda kwa Zawadi. Jumatatu nitakaa kwenye lile benchi, nitatiwa matone, nitaweka kidevu changu pale wanaponiambia na sitatikisika. Nimekunja kitenge chako nimekiweka kwenye begi, juu kabisa, mahali nitakapokipata kwa kupapasa. Nikitoka mlangoni na ule weupe ukinipiga nitajifunika nacho kichwa kizima, watu wa Mbeya waseme wanachotaka kusema.

Nitajifunika mpaka jioni tu, mama. Jioni nitakitoa.

Lala salama.

Mimi mwanao, seremala wako wa Mafinga